Sambaza, gazi, na swali la mama mmoja kwenye njia ya Sake



Tarehe 27 Mei 2021, siku ya Alhamisi, nilikuwa natembea kutoka Goma kwenda Sake, godoro kichwani, katikati ya maelfu ya watu. Nyiragongo ilikuwa imetapika usiku wa Jumamosi, tarehe 22. Udongo ulikuwa ungali unatetemeka, na asubuhi ile gavana wa kijeshi alitangaza kwamba magma imeonekana chini ya mji na inaelekea chini ya ziwa. Watu wa kartiye kumi wahame mara moja. Tulipofika karibu na Mugunga, ziwa likiwa upande wetu wa kushoto, mama mmoja jirani yangu aliweka mzigo wake chini, akaniuliza:

"Weye ulisoma mambo ya viumbe. Utuambie basi: hii ziwa itapasuka ao haitapasuka?"

Diploma yangu ya biolojia ilikuwa ndani ya sasheti, chini ya koti. Nilikuwa nimeipata miezi michache tu. Nikamjibu: "Mama, Mungu atatusaidia." Ni neno ambalo ninaliamini mpaka leo, lakini halikuwa jibu la swali lake, na yeye alijua. Alinitazama kidogo, akainua mzigo, tukaendelea.

Ile aibu haikunitoka. Tuliporudi Goma mwezi wa sita nilianza kutafuta jibu: katika vitabu, kwa maprofesa, katika makala za watafiti ambazo rafiki zangu walinitumia kwa simu. Nilidhani nitasoma juu ya volkano tu. Kumbe historia ya lile swali inapita mahali ambapo sikutegemea: ndani ya sahani yetu, kwa sambaza.

1. Samaki ambaye bibi hakumjua

Uliza mtoto yeyote wa Goma, Bukavu, Idjwi ao Kalehe: samaki wa Kivu ni nani? Atakuambia sambaza. Tumemla na bugali tangu utoto. Kuna wengi kati yetu ambao minervali yao ililipwa na mama aliyeuza sambaza kwa sahani pale sokoni.

Lakini sambaza ni mgeni. Bibi yangu, aliyekulia kando ya ziwa kabla ya uhuru, hakumjua akiwa msichana. Wao walikula samaki wengine, na hawakuwa wengi.

Sababu ni historia ya ziwa lenyewe. Zamani sana maji ya bonde hili yalielekea kaskazini. Volkano za Virunga zikaziba njia, maji yakapanda, na mwishowe yakapata mlango wa kusini, yaani mto Ruzizi, ambao unateremka mpaka Tanganyika. Ruzizi ina maporomoko, na samaki wa Tanganyika hawawezi kuyapanda. Ndiyo maana Tanganyika ina aina za samaki zaidi ya 250, wakati Kivu, lenye eneo linalopita kilometa za mraba 2,300, lina aina 30 hivi. Tena wale wa asili wanakaa zaidi kandokando. Katikati ya ziwa, kwenye maji marefu, hapakuwa samaki wa kula zooplanktoni, yaani vile vidudu vidogo sana vinavyoelea majini na kula mwani.

Wabelgiji waliona nafasi ile kama meza iliyoandaliwa bila mlaji. Wakati huo miji ilikuwa inakua, na nyama ilikuwa haba kwa watu wengi. Mwaka wa 1959, kazi ikiongozwa na Collart, vitoto vya samaki vilichukuliwa Tanganyika vikamwagwa Kivu. Walikuwa wa aina mbili. Wa kwanza, ambaye ndiye waliyemtaka zaidi, ni Stolothrissa, ndagala ambayo watu wa Uvira wanaijua vizuri. Wa pili ni ndugu yake, Limnothrissa.

Mwaka uliofuata ukaja uhuru, kisha misukosuko ambayo tunaijua. Waliomwaga samaki wakaondoka. Kwa miaka mingi karibu hakuna aliyefuatilia.

Watafiti waliporudi kuangalia katika miaka ya 1970, walikuta ndagala, yule mpendwa, amekufa wote. Limnothrissa alikuwa amejaa ziwa zima. Yeye hana masharti mengi: anakula zooplanktoni, anakula wadudu, hata vitoto vya aina yake anakula, na anajua kuishi kandokando na katikati pia. Huyo ndiye sambaza wetu. Baadaye miradi ya Umoja wa Mataifa ilifundisha uvuvi wa usiku kwa taa. Zile taa unazoziona kutoka Bukavu ao Goma usiku usio na mwezi, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti na wavu umeshushwa katikati, zina umri mdogo kuliko wazee wetu wengi.

Hapa nikasimama kidogo. Maelfu ya familia zinaishi kwa samaki ambaye aliletwa kwa makisio, na makisio yenyewe yalikosea samaki. Tulibahatika. Lakini bahati ilikuwa na bei gani?

2. Chupa za kabla

Ili ujue mgeni amebadilisha nini nyumbani, lazima ujue nyumba ilikuwaje kabla hajaingia. Kwa bahati, kulikuwa watu waliopima mbele ya 1959. Mwaka wa 1935 na 1936 Mbelgiji Hubert Damas alishusha vyombo vyake ndani ya Kivu. Kati ya 1952 na 1954 ukapita msafara mwingine wa utafiti katika maziwa Kivu, Édouard na Albert. Waliokota vidudu vya maji, wakavihesabu, wakaandika, wakahifadhi.

Wale watu walifanya kazi ndani ya ukoloni, na mimi siwasafishi. Mwafrika aliyewapigia kasia na kuwaonyesha njia hatajwi sana katika vitabu vyao. Lakini hesabu zao zilibaki. Mwaka wa 1986 Henri Dumont, profesa wa Gent kule Ubelgiji, alilinganisha hali mpya na ile ya zamani, akapiga kengele: dafnia, mmoja wa vidudu vikubwa vya ziwa hili, alikuwa ametoweka, na zooplanktoni kwa jumla ilikuwa imepungua sana. Sambaza alikuwa amekula. Dumont aliuliza kama hili si janga jingine la mazingira kwa Afrika, akahofia kwamba samaki atamaliza chakula chake na uvuvi nao utaanguka.

Nusu ya neno lake ilikuwa kweli: dafnia yule hakurudi. Nusu nyingine haikutimia. Mwaka wa 2008 watafiti walipita ziwani na chombo kinachotuma sauti majini na kusikiliza mwangwi wake, ili kukadiria wingi wa sambaza. Walikuta kiasi kinachokaribiana na kile kilichopimwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Uvuvi haukuanguka. Ziwa lilikuwa limejipanga upya, maskini kidogo kwa vidudu, lakini bado linalisha watu.

Mnaona? Hata kengele ya profesa inahitaji kupimwa tena. Na isingewezekana kuipiga, wala kuisahihisha, kama wa kwanza wasingeandika.

3. Kutoka kwa samaki mpaka kwa gazi

Sasa turudi kwa swali la mama.

Sisi wa Goma tunajua mazuku, yale mashimo na mabonde madogo ambamo gazi kaboniki inatoka udongoni na kutulia chini kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Mbuzi anaingia asubuhi, anakutwa amekufa. Watoto pia wamekufa hivyo. Basi gazi ile ile iko chini ya ziwa, kwa wingi usio wa kawaida: karibu kilometa za ujazo 300 za gazi kaboniki na 60 za metani, ukizihesabu kama zingekuwa juu hapa hewani. Gazi kaboniki inatoka zaidi kwa volkano. Metani inatengenezwa na vijidudu: nyingine wanaitoa kwa mabaki ya viumbe yanayooza, nyingine wanaitengeneza kwa hiyo hiyo gazi kaboniki.

Kwa nini haitoki? Fikiri chupa ya limonade. Ukiifunga, gazi inabaki imeyeyuka. Ukifungua ghafla, inapanda na povu. Katika Kivu, kifuniko ni uzito wa maji yenyewe. Ziwa lina kina cha meta 485, na chemchemi za chini zinaingiza maji yenye chumvi nyingi, mazito, ambayo yanakaa chini bila kuchanganyika na ya juu. Hewa ya oksijeni inafika meta 60 ao 70 hivi tu, na sambaza anaishi ndani ya tabaka hilo jembamba. Damas aliona dalili za mambo haya tangu 1935. Mjerumani Klaus Tietze alipima gazi kwa makini katikati ya miaka ya 1970.

Hofu ilikuja kutoka Kamerun. Usiku wa 21 Agosti 1986 ziwa Nyos lilitapika gazi kaboniki, na watu karibu 1,700 wakafa pamoja na ng'ombe wao, wengi wakiwa wamelala. Nyos ni dogo sana mbele ya Kivu. Kandokando ya Kivu, upande wetu na upande wa Rwanda, wanaishi watu karibu milioni mbili ao zaidi.

Kisha mwaka wa 2005 likatoka neno zito. Watafiti walilinganisha vipimo vipya na vya Tietze, wakaona metani imeongezeka mpaka asilimia 15 katika miaka 30. Kama mwendo ungekuwa huo, ziwa lingeweza kukaribia kujaa kabla ya mwisho wa karne hii. Na nani alishukiwa? Sambaza alikuwa mmoja wa washukiwa. Hoja ilikwenda hivi: sambaza anakula zooplanktoni, zooplanktoni ikipungua, mwani hauliwi, mwani unakufa na kuzama, bakteria wa chini wanapata chakula zaidi, na metani inaongezeka. Mshukiwa mwingine tulikuwa sisi wenyewe, pamoja na mashamba yetu na udongo unaoteremka mlimani kila mvua.

Nilipofika hapo katika kusoma, ndugu zangu, sikulala vizuri. Niliona sahani yangu ya utoto na ile njia ya Sake, vyote viwili pamoja.

4. Matope yanatoa ushahidi

Ziwa lina arshivu yake: matope ya chini. Kila mwaka tabaka jembamba linatua juu ya lingine. Watafiti walichimba mabomba ya matope na kusoma tabaka kama kurasa. Walikuta kwamba katika miaka ya 1960, ghafla, tabaka jeupe la chokaa lilianza kutua.

Miaka ya 1960! Sambaza aliingia 1959. Mtu mwenye haraka angefunga kesi siku hiyo. Lakini wao waliweka mezani washukiwa watatu: samaki, ongezeko la watu na mashamba, na chemchemi za chini ya maji. Walipopima vizuri, ushahidi ulielekea zaidi kwa chemchemi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mvua ilikuwa kubwa mno katika eneo letu zima la maziwa makuu, na maji ya ardhini yakasukuma chemchemi kwa nguvu zaidi, yakapandisha madini kutoka chini. Samaki na mvua vilifika karibu wakati mmoja, na mmoja akataka kubeba kesi ya mwenziwe.

Kuhusu gazi, jibu lilichelewa zaidi. Mwaka wa 2018 timu mbalimbali zilikutana ziwani na vyombo tofauti, zikapima ili kulinganisha njia zao. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2020: metani na gazi kaboniki hazionyeshi ongezeko ambalo lilihofiwa. Tofauti iliyoonekana mbeleni ilikuwa ndani ya makosa ya vipimo vyenyewe. Kiasi kiko karibu kutulia.

Mwaka wa 2020, ndugu zangu. Yaani siku ile ya Mei 2021, nikiwa na godoro kichwani, jibu la sehemu ya swali la mama lilikuwa limeshaandikwa na liko wazi kwa yeyote. Mimi sikulijua. Wengi kati yetu hatukulijua. Lilikuwa kwa Kiingereza, katika jarida ambalo hatulifungui, juu ya ziwa ambalo tunaoga ndani yake.

Kuna na jambo lingine ambalo ningeweza kumwambia. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilikata mji wa Goma katikati mpaka ikaingia ndani ya ziwa mbele ya macho ya watu. Gazi haikupasuka. Lava ile haikuvuruga maji mazito ya chini kabisa.

5. Ombi la shirika, na jibu langu kwa mama

Sasa niwaambie kwa nini ninaandika leo.

Mwaka jana shirika moja, jina lake silitaji, lilinitafuta. Walikuwa wanataka kuweka vizimba vya kufugia samaki ziwani, na vitoto wangevileta kutoka mbali. Walihitaji mtu wa biolojia aandike kurasa mbili kwamba "hakuna madhara". Malipo yalikuwa mazuri. Mimi nina miaka kadhaa bila kazi ya kudumu, na wengi mnaosoma hapa mnajua maana yake. Niliuliza: mumepima maji ya pale? Samaki wa asili waliopo mumewahesabu? Mwenzangu wa upande wa pili alicheka: "Docta, ni samaki tu. Sambaza nayo si ililetwa?"

Alisema kweli, na hapo ndipo shida ilipo. Sambaza ililetwa, na ilituchukua zaidi ya miaka 60 kuelewa ilifanya nini na haikufanya nini. Tena tuliweza kuelewa kwa sababu tu kulikuwa chupa za kabla. Mwaka wa 2006 samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys, alionekana ndani ya Kivu bila mtu kutangaza kwamba amemleta. Leo anaishi pamoja na sambaza, na watafiti wetu wa Bukavu wamekuwa wakifuatilia kama wanagombania chakula. Kila mgeni anaongeza swali juu ya swali.

Niliwajibu kwamba nitaandika kurasa kumi, si mbili, baada ya kupima miezi sita. Hawakurudi. Sitajifanya shujaa: kuna siku ninahesabu ile pesa kichwani, na nyumbani wananiuliza kwa nini nilikataa. Sina jibu moja linalowaridhisha.

Ila nimenunua daftari gumu, wavu mdogo wenye matundu membamba, na kipimajoto. Kila mwezi, mvuvi mmoja rafiki yangu ananipeleka mahali pale pale, saa zile zile. Ninaandika joto la maji, mpaka wapi naona kisahani cheupe ninachokishusha kwa kamba, na vidudu ninavyovihesabu kwa darubini ya kuazima. Ni vipimo vidogo, na pengine mimi mwenyewe sitavitumia. Lakini kama kuna mtu atamwaga samaki mpya hapa, wajukuu watakuwa na chupa yao ya kabla, na safari hii aliyeihifadhi atakuwa mtoto wa hapa.

Yule mama tulionana tena sokoni Virunga. Nilinunua kwake sambaza sahani mbili, nikamwambia: "Mama, lile swali lako. Gazi iko, na ni nyingi. Wale waliopima wanasema haiongezeki kama walivyoogopa. Lava iliingia ziwani 2002 na haikupasua. Lakini volkano ikifumuka chini ya ziwa lenyewe, hiyo ni habari nyingine, ndiyo sababu lazima tuendelee kupima."

Alifunga sambaza ndani ya sasheti, akaongeza kiganja kimoja juu.

"Basi ungenisemea hivyo ile siku," akasema. "Ningelitembea bila kukimbia."

Wenye kusoma kemia, jiolojia, hidrolojia ao uvuvi, muko wapi? Wenye madaftari ya TFC yanayooza ndani ya masanduku, yenye vipimo vya mito, vya mvua, vya samaki wa Edouard ao wa Tanganyika, tafadhali musiyatupe. Muyapige picha, mutuletee, tuyapange pamoja.